Wataalamu wamesema. Wamesemaje?

Jumanne ya wiki tatu zilizopita tuliitwa mkutano mwaloni kwetu, pale mitumbwi inaposhusha samaki, huku upande wa Kayenze, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Wanaume walikaa juu ya magogo na mitumbwi iliyopinduliwa. Mama wa dagaa walibaki kwenye chanja zao wakisikiliza kwa sikio moja, maana mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Ukerewe na dagaa walikuwa bado wabichi. Afisa aliyekuja alikuwa kijana mstaarabu, kalamu mbili mfukoni, viatu vimepigwa rangi vikang'aa kabla mchanga haujavikuta. Alizungumza kuhusu sangara kupungua, kisha akagusia habari ya kupumzisha ziwa, yaani kufunga uvuvi kwa muda kama walivyofanya wenzetu wa Ziwa Tanganyika mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Hakusema itafanyika huku kwetu. Alisema inafikiriwa. Ila kila tulipouliza kwa nini, jibu lilikuwa lilelile: "Wataalamu wamesema."

Alipolitamka mara ya tatu, mzee mmoja kule nyuma akapaza sauti: "Mama Takwimu, si wewe ndiye ulikuwa mtaalamu wao? Hebu tuambie, mlisema nini?"

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka. Lakini swali la mzee halijanitoka.

Kwa msionifahamu: hilo jina la Mama Takwimu nililipata kwa miaka saba niliyokuwa nahesabu na kupima samaki wa mwalo huu kwa niaba ya BMU, kikundi chetu cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Leo nauza dagaa kama wengine, ila jina limegoma kuondoka. Hata watoto wa jirani wakinisalimu asubuhi husema, "Mwangaluka, Mama Takwimu," wakidhani ndilo jina nililobatizwa.

Kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Nilipewa ubao wenye rula iliyogongewa juu yake, mizani ya kuning'iniza, fomu na penseli. Penseli kweli, kwa sababu kalamu ya wino na mikono yenye maji ya samaki haviwezani. Siku za kupima zilipangwa, na mitumbwi ya kupima nayo ilipangwa, usije ukachagua ya shemeji yako. Mtumbwi ukifika alfajiri unauliza: mko wangapi? Mmetega nyavu au ndoano? Nyavu ngapi, za inchi ngapi? Mmetoka saa ngapi? Halafu unapima kilo, unapima urefu wa samaki mmoja mmoja kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia, unaandika na bei ya siku hiyo. Fomu zinakusanywa, zinaenda mjini, huko zinachanganywa na za mialo mingine. Ziwa hili ni la nchi tatu, na zaidi kidogo ya nusu yake ipo Tanzania, kwa hiyo namba zangu zilikuwa zinakwenda kukutana na za Waganda na Wakenya. Taasisi ya kuwaunganisha kwenye mambo ya uvuvi ipo Jinja, Uganda, iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1994. Nilikuwa nikifikiria jambo hilo nikiwa nimechuchumaa kwenye matope saa kumi na mbili asubuhi, najisikia mtu mkubwa.

Sasa nitoe siri ambayo nadhani imeshapitwa na muda wa kunifunga. Samaki niliowapima walikuwa ni wale walioletwa kwenye ubao wangu. Sangara wadogo, wale wa sentimita thelathini na kitu, hawakuletwa. Walishushwa kabla ya kufika mwaloni, au walikuwa chini ya mbao za mtumbwi wamefunikwa nyavu, au walishakatwa vipande kuwa kayabo, yaani samaki wa chumvi, kambini visiwani. Nilijua. Kila mtu alijua. Mvuvi hawezi kukuletea ushahidi wake mwenyewe uupime kwa rula. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja mwembamba chini wa "maoni", na humo nilikuwa naandika: "wadogo hawakuonyeshwa." Niliandika hivyo mara nyingi sana. Mstari ule sijui nani aliusoma.

Yupo mmoja aliyeusoma. Tuliitwa semina kwa watafiti wa samaki pale Nyegezi, Mwanza, waandishi wa takwimu wa mialo mbalimbali, tukanywa soda na kupewa posho (posho nayo ni utafiti, msicheke). Mtafiti aliyetufundisha alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, anaandika ubaoni kwa chaki hadi mabegani anakuwa mweupe. Akachora mstari unaopanda na kushuka, halafu juu yake na chini yake akachora mistari mingine miwili ya nukta. Akasema, huu wa katikati ndio tunaodhani, lakini ukweli unaweza kuwa popote ndani ya nukta hizi. Kisha akanigeukia. "Dada wa Kayenze, wewe ndiye unayeandika wadogo hawakuonyeshwa? Asante. Ndiyo maana nukta zangu zimeachana hivi. Mwelekeo tunaujua, samaki wakubwa wanapungua. Namba kamili hatuijui, na anayekwambia anaijua mkimbie."

Sikuwahi kusikia mtu msomi akisema "hatujui" mbele ya watu bila aibu. Nilimwamini papo hapo, na kwa mengine yote aliyosema.

Tatizo ni safari ya ile mistari. Kutoka Nyegezi inakwenda kwenye ripoti, nukta bado zipo. Ripoti inafupishwa kuwa kurasa mbili za wakubwa, nukta zinaanza kufifia. Kurasa mbili zinakuwa hotuba. Hotuba inakuwa agizo, agizo linakuja na gari, na linapofika mwaloni limebaki neno moja: wataalamu. Mama yule wa chaki hayumo tena. "Huenda" yake imeanguka njiani, pengine kule Dodoma, pengine hapa hapa mjini kwenye foleni ya Buzuruga.

Chukulieni kanuni ya sangara ya sentimita 50 hadi 85, tuliyoishi nayo miaka mingi: chini ya 50 usivue, juu ya 85 usivue. Ya chini kila mtu anaielewa, hata mtoto, huwezi kula mbegu. Ya juu ndiyo iliyoleta kelele. Mvuvi ametega, asubuhi nyavu imeleta jike la mita moja na ushee, tayari limekufa. Alirudishe majini liwafae kina nani? Na ndani ya tumbo lile kuna bondo, ule mfuko wa hewa wa samaki, ambalo wanunuzi wa kupeleka Uchina wanalilipia kwa bei ya kufanya mtu mzima atembee anaongea peke yake. Sababu ya kitaalamu ilikuwepo, tena nzuri. Jike kubwa hutaga mayai kwa mamilioni, mengi kuliko ya majike madogo kadhaa ukiyaunganisha. Lakini nilipomuuliza mama wa Nyegezi kwa nini basi chini ni 50, wakati dume ndilo linalokomaa mapema na majike mengi yakiwa na urefu huo hayajataga hata mara moja, alitabasamu kama mtu aliyeulizwa umri. Akasema: "Hapo kuna samaki na kuna watu. Mimi nilileta habari ya samaki. Ukiweka kipimo kikubwa sana, viwanda vinakosa mali na nyie mnakosa ugali. Wakubwa wakakaa wakapatana."

Hilo ndilo jambo ninalotaka lisemwe kwa sauti. Hamsini ni makubaliano. Nusu yake ni biolojia, nusu ni tumbo na soko, na sioni ubaya wowote, ndivyo watu wanavyotawaliwa. Lakini ukiniletea makubaliano yale ukayavisha koti jeupe la maabara, nikigundua siku moja kwamba ndani yake kulikuwa na mazungumzo ya bei, sitaamini tena hata pale maabara inaposema kweli tupu. Mkubwa aliyeamua aseme, "Nimewasikiliza watafiti, nimewasikiliza wenye viwanda, nimewasikiliza wavuvi, na mimi nimeamua hivi." Tumbishie yeye. Asimsukume mbele mama wa chaki apigwe mawe kwa ajili yake.

Binamu yangu alichomewa nyavu kwenye operesheni moja. Sitataja mwaka wala waliochoma. Zilikuwa haramu, nakiri, timba tupu, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, na moto wake ulitoa moshi mweusi wa plastiki uliotukohoza siku nzima. Aliyewasha kiberiti naye alisema wataalamu wamesema. Mtaalamu gani alisema choma, sijui. Kwenye semina zetu zote sikuwahi kuona kiberiti kwenye ile mistari.

Lakini nisije nikaonekana nawatetea wavuvi peke yao. Ziwa hili limeumia zaidi pale ambapo mtaalamu alisema na hakusikilizwa. Mwingereza mmoja, Michael Graham, alilipima ziwa mwaka 1927 na 1928, wakati wakoloni wanajiuliza mbona ngege, wale sato wa asili, wanapungua. Ripoti yake ilitoka 1929. Alishauri matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi tano. Na humo humo akaonya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari kupindukia, mpaka kwanza utafiti mrefu ufanyike. Ile ya inchi tano ikawa sheria, ikashindikana kusimamiwa, na katika miaka ya 1950 ikaanza kuachwa. Na lile onyo? Sangara waliingizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, huku wanasayansi wa uvuvi waliokuwa Jinja wenyewe wakiwa wamegawanyika. Kuna waliopinga waziwazi kwa maandishi. Waliotaka samaki mkubwa wa biashara wakashinda.

Huku kwetu alichelewa kufika. Baba alikuwa akisimulia kwamba mwanzoni ukimpata sangara unamwita mwenzako aje aone dude. Wakati huo samaki wetu wa kila siku alikuwa furu, wadogo, wa rangi zote, unawachoma kwenye kijiti kimoja watano sita. Mwaka 1977 Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza, wakiwa na Watanzania wenzao pale Nyegezi. Watu waliwacheka. Mtu mzima anatoka Ulaya kuja kuhesabu meno ya furu! Kumbe bila wao tusingejua kilichopotea. Katikati ya miaka ya 1980 sangara walifumka ghubani, na furu, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 uzito wao ulikuwa kama asilimia 80 ya samaki wote wa chini ziwani, wakatoweka kwenye nyavu. Makadirio ya spishi zilizopotea ni kama 200. Baadhi wamerudi rudi tangu miaka ya 1990, sangara walipoanza kuvuliwa sana. Nikiwaona sokoni nanunua hata kama sina shida nao.

Na je, Graham alikuwa sahihi? Hapa ndipo kichwa kinaniuma. Kwa furu, alikuwa sahihi kabisa. Lakini sangara ndiye aliyejenga viwanda vya minofu Mwanza, ndiye aliyenisomesha mimi, ndiye aliyelipia bati la nyumba ninayoandikia hapa. Hakuna rula ya kupima furu 200 dhidi ya ada ya shule. Graham angeweza kusema furu watakufa. Kusema inafaa au haifai, hiyo haikuwa kazi ya rula yake.

Msidhani ni Afrika tu ambako mtaalamu huongea na ukuta. Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zilipoleta kipindupindu, Umoja wa Ulaya ulifungia samaki wabichi wa kwetu, wa Kenya, wa Uganda na wa Msumbiji. Shirika la Afya Duniani likasema hatari ya kipindupindu kupitia samaki wa biashara ni ndogo na kufungia hakufai. Zuio likakaa hadi katikati ya 1998. Nilikuwa msichana, nakumbuka sangara waliuzwa kwa bei ya aibu mpaka tukawachoka. Ulaya ina wataalamu wa kutosha. Ilikuwa na wapiga kura pia.

Shangazi yangu, mdogo wa mwisho wa baba, alikuwa muuguzi wa zahanati huko vijijini kuanzia miaka ya tisini. Nilipomsimulia kisa cha mkutano alicheka, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, ambayo kwake ni dalili kwamba hadithi inakuja.

"Wewe unalia na sangara," akasema. "Sisi tulikuwa na ukimwi."

Akanikumbusha utafiti uliofanyika mkoani kwetu kati ya 1991 na 1994, kwenye jamii 12. Sita ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vyao vya afya: wahudumu wakafundishwa, dawa zikawepo. Sita zikasubiri zamu yao. Majibu yalipotolewa 1995, maambukizi mapya ya virusi kwenye zile sita za kwanza yalikuwa yamepungua kwa takribani asilimia 40. Dunia nzima ikaitazama Mwanza. Kutibu kisonono na kaswende kukawa sehemu ya sera za kupambana na ukimwi, hapa na mbali. Halafu 1999 wenzetu wa Rakai, Uganda, wakatoa yao: waligawa dawa za magonjwa hayohayo nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi kumi, na virusi havikupungua.

"Basi nani alidanganya?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyedanganya, mwanangu. Sisi tulikuwa tunamtibu anayekuja na maumivu, siku anayokuja. Wao walimpa kila mtu, anayeumwa na asiyeumwa, halafu wakaondoka mpaka mzunguko mwingine. Na kule ugonjwa ulikuwa umeshakaa siku nyingi kuliko kwetu. Maswali mawili, majibu mawili. Ila wakubwa hawapendi hivyo. Wanataka jibu moja la kutia mfukoni."

Nikamuuliza kama matokeo ya Rakai yalimfanya aache kutibu. Alinitazama kama nimelewa. "Mtu amekuja na usaha, nimrudishe nyumbani nikamwambie Uganda wamesema haisaidii?"

Kuna kitu kingine sikukisema mkutanoni kwa sababu muda ulikwisha. Mwaka 2020, Mei, ziwa lilipojaa likapita hata kimo cha 1964, maji yaliingia kwenye banda letu la kupokelea samaki. Banda lilijengwa na watu waliokuja na ramani. Babu mmoja hapa jirani, ambaye hajui kusoma, alikuwa amewaambia tangu siku ya kwanza: msijenge chini ya lile jiwe, baada ya uhuru maji yalifika pale. Waliandika jina lake kwenye orodha ya mahudhurio, akasaini kwa dole gumba. Ushauri wake haukuandikwa kwa sababu orodha ya mahudhurio haina hata ule mstari wa maoni.

Turudi kwa kijana wetu wa kalamu mbili. Kicheko kilipotulia nilisimama, nikamwambia sina ubishi na watafiti, nimekula posho zao. Nikamuuliza: hao wataalamu wamesema tufunge miezi mingapi, na wamesema ni miezi ipi, kwa sababu sangara hatagi kwa msimu mmoja kama mahindi? Wamesema nyavu zote au za sangara tu, maana dagaa nao wana mambo yao na mama hawa wanakula kwa giza la mwezi, dagaa wanapovuliwa? Na kwenye hesabu yao, wamekadiria mvuvi atakula nini ziwa likifungwa, au hiyo haikuwa kazi yao? Kama haikuwa yao, ni ya nani?

Hakukasirika. Namheshimu kwa hilo. Alikuna shingo, akasema kwa kweli ripoti yenyewe hajaisoma, alipewa muhtasari. Watu wakaguna. Mimi nilifurahi, kwa sababu hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli asubuhi nzima. Nikamwomba ripoti. Akanipa namba yake ya simu mbele ya watu.

Nimempigia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa safarini. Juzi alipokea, akasema ameipata, ila ni ya Kiingereza, kurasa zaidi ya mia, na michoro mingi. Nikamwambia ailete hivyohivyo. Kijana wa dada yangu yuko chuo, atatusomea. Michoro nitaisoma mwenyewe. Nataka kwanza kuona nukta zimeachana kiasi gani.